Kabla ya kumwambia mtoto hana kipaji

Mtaala mpya wa elimu ya msingi ulianza kutumika Januari 2024, kwa kuanzia na darasa la kwanza na la tatu, na Sanaa na Michezo ikapata nafasi yake kwenye ratiba kama somo. Huku Arusha na Moshi, mjadala uliofuata kwenye vikao vya wazazi na ofisi za walimu haukuhusu vitabu sana. Ulihusu watoto wenyewe: kipindi cha muziki na uchoraji kiwe cha wote, au mwalimu achague wenye vipaji, akae na hao, na wengine wapewe maswali ya Hisabati? Wanaotaka mchujo wana hoja inayoingia akilini haraka. Mwalimu ni mmoja, watoto ni 80, vifaa hakuna. Ya nini kuhangaika na mtoto ambaye Mungu hakumjalia sauti?

Hoja hiyo imesimama juu ya imani moja: mwimbaji au mchoraji huzaliwa, na kazi ya shule ni kumgundua tu. Imani hiyo ina ushahidi, tena si wa kubeza, na nitauweka mezani. Ila wanaosema usanii hufundishwa hawajasikilizwa vizuri huku kwetu, na kwa kiasi fulani lawama ni ya wanaojiita watetezi wao.

Tuanze na kuzaliwa. Mwaka 1869 Mwingereza Francis Galton alitoa kitabu ambamo alihesabu ndugu za watu mashuhuri, wakiwemo wanamuziki na wachoraji, akaona umahiri unarundikana kwenye koo chache. Akahitimisha kwamba ni damu. Tundu la hoja yake linaonekana hata bila darubini, maana ukoo haurithishani damu peke yake. Hurithishana pia nyumba, vyombo, na mzazi anayefundisha. Mozart, aliyezaliwa Salzburg mwaka 1756, alikuwa na baba, Leopold, ambaye mwaka huohuo alichapisha kitabu cha kufundishia fidla. Katika nyumba kama ile nani atasema damu iliishia wapi na darasa likaanzia wapi? Wahenga wetu waliliona hilo waliposema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mtoto yule yuko kiwandani tangu anatambaa.

Waliokuja kutenganisha damu na nyumba ni mapacha. Mapacha wanaofanana wana vinasaba vilevile, na wasiofanana wanachangia karibu nusu kama ndugu wengine wa tumbo moja. Ukiwalinganisha unaweza kukadiria urithi umechangia kiasi gani. Mwaka 2014 watafiti wa Uswidi, Miriam Mosing akiwa mwandishi wa kwanza, walitoa matokeo ya mapacha zaidi ya 10,000 waliopimwa uwezo wa kutofautisha sauti, melodia na mapigo. Walikuta kwamba hata ile tabia ya kukaa na chombo na kufanya mazoezi inarithiwa kwa sehemu kubwa. Kisha likaja linalouma zaidi: kwa mapacha wanaofanana, yule aliyefanya mazoezi kwa saa nyingi hakuwa na sikio bora kuliko mwenzake aliyefanya machache. Mtu akiishia hapo, ataona kesi imekwisha.

Wapo pia watu ambao hakuna mwalimu awezaye kujivunia kuwatengeneza. Stephen Wiltshire, mchoraji wa London aliyezaliwa 1974 akiwa na usonji, aliruka juu ya Tokyo kwa helikopta mwaka 2005, akashuka, akauchora mji ule kwa kumbukumbu kwenye karatasi yenye urefu wa mita 10. Alisomea sanaa ukubwani, lakini jicho lile alikuwa nalo tangu utoto. Na hapa nyumbani, nani hajaona? Joh Makini na Nikki wa Pili ni mtu na mdogo wake, wote wa Arusha, wote wameshika maiki na kutamba. Hukwe Zawose wa Ugogo, aliyefariki mwaka 2003, ameacha ukoo unaoimba na kupiga ilimba, ala ya Kigogo ya kupigwa kwa vidole gumba, mpaka leo. Watu wakiona hivyo husema maji hufuata mkondo, na siwalaumu.

Sasa upande wa pili, na kwanza niufute vumbi ulilomwagiwa na watu wa semina za hamasa. Hao hutuambia kwamba ukifanya jambo lolote kwa saa 10,000 unakuwa bingwa wa dunia. Namba hiyo ilitoka Berlin. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake waliandika juu ya wanafunzi wa fidla katika chuo cha muziki cha mji huo. Wale bora kabisa, walipofika umri wa miaka 20, walikuwa wamejilimbikizia wastani wa zaidi ya saa 10,000 za mazoezi ya peke yao. Waliokuwa wakielekea kuwa walimu wa muziki hawakufikia nusu ya hapo. Huo ni wastani, maana yake wapo bora ambao hawakuufikia, na hakuna kati yao aliyekuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 20. Ni Malcolm Gladwell, katika kitabu chake cha 2008, aliyeifanya namba hiyo kuwa kanuni, na Ericsson mwenyewe akalalamika kwamba kazi yake imesomwa vibaya. Alichokuwa akikitazama ni mazoezi ya aina moja tu: yanayolenga kosa mahususi, yenye mtu wa kukusahihisha, yanayochosha. Kurudia wimbo uleule miaka 10 huku ukikosea palepale hakumo.

Basi kanuni ya saa 10,000 ikaanguka, na ilistahili kuanguka. Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake walikusanya tafiti nyingi pamoja wakauliza: tofauti za uwezo kati ya watu, ni sehemu gani inaelezwa na wingi wa mazoezi ya namna hiyo? Katika muziki walipata asilimia 21. Michezo kama chesi ilipata 26, michezo ya viwanjani 18.

Naomba nikae na hiyo asilimia 21, kwa sababu ndiyo silaha ya kila anayetaka mchujo. Husomwa hivi: mazoezi ni asilimia 21, kwa hiyo kuzaliwa ni 79. Kosa la kwanza liko wazi. Ndani ya hiyo 79 kuna umri mtoto alioanza, kuna ubora wa mwalimu, kuna chombo chenyewe kama kipo au hakipo, kuna mzazi anayemwambia mtoto aendelee, kuna makosa ya kukumbuka saa za miaka 15 iliyopita, na vinasaba navyo vimo. Hakuna aliyepima akasema vinasaba vimechukua yote.

Kosa la pili limejificha zaidi. Chukua kwaya yenye waimbaji 40 ambao wote huja mazoezini Jumatano na Jumamosi, hakuna anayekosa. Hudhurio lao ni sawa, hivyo halina tofauti hata moja ya kueleza: kwa hesabu ileile, mazoezi yanaeleza asilimia sifuri ya nani anaimba vizuri kuliko nani. Je, mazoezi hayakuwafundisha? Yaondoe mazoezi uone kama kuna kwaya. Hesabu ya namna hii hupima umbali kati ya waimbaji waliokwisha kuwa kwayani. Safari ya mtu kutoka kutojua mpaka kujua haimo ndani yake kabisa, na hiyo ndiyo safari inayomhusu mtoto wa darasa la tatu.

Mapacha wa Uswidi nao wasomwe kwa jicho hilo. Uswidi ni nchi ambako karibu kila halmashauri ina shule ya muziki ya umma kwa ada nafuu. Nafasi zikiwa karibu sawa kwa wote, kinachobaki kuwatofautisha watu ni walichozaliwa nacho, na urithi lazima uonekane mkubwa. Panda miche ya kahawa ya mbegu mbalimbali kwenye shamba moja la Lyamungu lenye mvua na samadi, utakaouzidi mwingine umeuzidi kwa mbegu. Ukiitawanya, mingine Lyamungu na mingine kwenye vumbi la chini ya Boma Ng'ombe, tofauti utakayoiona ni ya maji. Sisi tuko kwenye hali hiyo ya pili. Pale Unga Limited, mtaa wa Arusha, mtoto mmoja ana mjomba mwenye kinanda, na mtaa mzima wa wenzake hawajawahi kubonyeza hata kitufe kimoja. Kuchukua kipimo cha urithi kilichopatikana Uswidi na kukitumia kumpanga mtoto huyo ni kumdhulumu. Tena mapacha wale walipimwa kutofautisha sauti kwa kusikiliza. Hawakupimwa kupiga chombo wala kuimba, na mazoezi ya kinanda kwa sehemu kubwa ni kazi ya vidole, kusoma nota na kukumbuka.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote ni wa John Sloboda na wenzake nchini Uingereza, uliochapishwa 1996. Walichukua vijana 257, kuanzia waliosoma shule maalumu ya muziki yenye ushindani mkali mpaka waliojaribu chombo wakaacha. Uingereza kuna mitihani ya muziki ya madaraja, ya kwanza hadi ya nane, kwa hiyo kulikuwa na ngazi moja ya kuwapimia wote. Kama kipaji cha kuzaliwa kinafanya kazi kama tunavyodhani, mtoto aliyejaliwa angepanda kutoka daraja moja kwenda lingine kwa saa chache kuliko asiyejaliwa. Haikuwa hivyo. Kwa wastani, kundi la juu na kundi la chini walitumia saa zinazokaribiana kwa kila daraja. Wale wa juu walifika mapema kwa sababu kila siku walikaa na chombo muda mrefu zaidi. Mtu mmojammoja walitofautiana sana, hilo lisifichwe. Wapo waliopanda kwa saa kidogo mno na wapo waliohitaji nyingi. Lakini kundi kwa kundi, njia ya mkato haikuonekana. Na watafiti haohao walipoangalia nyumbani, walikuta wazazi wa kundi la juu walikuwa wakikaa na watoto wakati wa mazoezi ya mwanzo, na kuzungumza na mwalimu baada ya somo. Haikuwa lazima wawe wanamuziki.

Unaweza kusema hiyo ni Ulaya. Mwaka 1958 John Messenger, aliyekwenda kuishi na Waanang wa kusini mwa Nigeria, aliandika kwamba alimtafuta mtu asiye na muziki katika jamii ile akamkosa. Watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wanaimba mamia ya nyimbo, wanapiga vyombo kadhaa na kucheza ngoma ngumu. Waanang hawakuwa na vinasaba vya ajabu. Walikuwa na kijiji ambacho hakimpi mtoto ruhusa ya kukaa pembeni.

Hatuna haja ya kwenda mpaka Nigeria. Nenda Monduli kwenye sherehe ya morani. Hakuna aliyefanyiwa usaili wa sauti. Vijana wa rika lote wanaunguruma kwa pamoja, kila mmoja ameshika mkondo wake wa pumzi na koo, na juu yao yuko olaranyani, kiongozi wa wimbo, anayetupa maneno ili wenzake wayapokee. Hapo pande zote mbili za mjadala wetu zinasimama kwenye duara moja. Olaranyani ana sauti na kumbukumbu ambayo rika zima halina, na kama kuna cha kuzaliwa nacho, yeye anacho. Lakini alipatikana kutoka kwa watu wote wanaoimba. Rika halikumtafuta olaranyani kwanza ndipo likawanyamazisha wengine.

Tukija kwenye uchoraji, mfano wetu mkubwa ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa 1932 upande wa Tunduru, hakupita chuo chochote cha sanaa, akaanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli juu ya hadibodi. Mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi. Muda wake wa kuchora haukuzidi miaka michache. Wanaoamini kuzaliwa humtaja yeye kwanza, na kwa kweli ni vigumu kueleza alitoa wapi jicho lile. Ila tazama kilichofuata. Vijana waliokaa naye, akina Simon Mpata, January Linda na Ajaba Abdallah Mtalia, wengi wao ndugu na watu wa kwao, wakawa wachoraji. Utasema damu. Sawa, lakini hao nao wakafundisha watu wasio ndugu, wa makabila mengine, na ushirika wao ukaundwa rasmi mwaka 1990, na leo picha za mtindo huo zimetundikwa Arusha kwenye vibanda vya Maasai Market zikiwa zimechorwa na mikono isiyo na nasaba yoyote na Tunduru.

Ukikaa na mafundi wanaochorea nyuma ya vibanda kama hivyo utaona jinsi mchoraji anavyotengenezwa. Kijana mgeni hapewi tembo. Anapewa ubao mtupu apake rangi ya nyuma, bluu ikolee chini na ififie kuelekea juu bila kuacha michirizi ya brashi. Akiharibu anapangusa na kitambaa chenye mafuta ya taa, anaanza upya. Akishaweza hapo anapewa nukta, safu kwa safu, zinazolingana ukubwa. Kisha majani na manyoya. Jicho la chui analigusa fundi mwenyewe kwa muda mrefu sana, kwa sababu brashi ikiteleza pale picha imekufa. Siku kijana anaporuhusiwa kuchora chui mzima na mtalii akasimama, wapita njia watasema huyu kazaliwa nacho. Nukta zile hakuna aliyeziona.

Majirani zetu Wakamba wana kisa cha namna hiyo. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji wa vinyago kwa mafundi wa Tanganyika wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, akarudi nao kwao. Ndani ya miongo michache uchongaji ukawa kazi ya maelfu ya Wakamba. Damu ya ukoo mmoja haizai maelfu ya mafundi kwa muda huo, lakini kufundishana kunaweza.

Kuna jambo la umri ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka, nami naona limebeba nusu ya ugomvi wetu. Wapo wanamuziki wachache wanaoweza kutaja sauti kwa jina, hii ni C, ile ni F, bila kupigiwa nyingine ya kulinganishia. Uwezo huo kwa muda mrefu ulichukuliwa kuwa muhuri wa kuzaliwa. Mwaka 2014 Ayako Sakakibara wa Japani alichapisha matokeo ya watoto 24 wenye umri wa miaka 2 hadi 6 waliofundishwa kutambua kodi za piano, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwa kuinua bendera za rangi. Wawili waliacha njiani. Waliobaki 22 wote waliupata uwezo huo, wote bila kubakiza. Kwa watu wazima mafunzo ya namna hiyo hayajawahi kuleta matokeo kama hayo. Sasa fikiria kijana wa miaka 16 wa Pasua au Ngarenaro anayeshika chombo kwa mara ya kwanza kwenye kikundi cha vijana kanisani. Anahangaika, mwenzake aliyeanzia Shule ya Jumapili anateleza. Tunatazama tunasema mmoja anacho, mwingine hana. Tumepima kuchelewa tukakuita kuzaliwa.

Na masikio yetu wenyewe si mashahidi wa kuaminika. Chia-Jung Tsay na Mahzarin Banaji walichapisha mwaka 2011 jaribio walilowafanyia wanamuziki wa kazi, watu wenye masikio yaliyofundwa. Waliwauliza kipi muhimu, kipaji au juhudi, na wengi wakasema juhudi. Kisha wakawasikilizisha vipande viwili vya piano na kuwapa maelezo ya wapigaji: huyu ameonyesha kipaji tangu awali, yule amefika kwa kujituma. Wakampa alama za juu mwenye kipaji, wakaona ndiye atakayefika mbali na ndiye wa kumwajiri. Vipande vyote viwili vilikuwa vya mpigaji mmoja. Kama hao walidanganyika na maneno mawili ya utangulizi, sisi tunaokaa meza ya majaji kwenye tamasha la shule, tukiwa tumeshanong'onezwa kwamba yule ni mtoto wa mwalimu wa kwaya, tutaponea wapi?

Imani ya kuzaliwa ina wanaoilipia zaidi. Utafiti wa Sarah-Jane Leslie, Andrei Cimpian na wenzao, uliotoka 2015, ulionyesha kwamba huko Marekani fani ambazo wenyewe huamini zinahitaji akili ya kuzaliwa ndizo zenye wanawake wachache kwenye ngazi ya shahada ya uzamivu (PhD), na utunzi wa muziki ulikuwa miongoni mwa fani hizo. Simama Mnara wa Saa hapa Arusha Jumamosi mchana, msafara wa harusi ukizunguka, pikapu mbele na vijana wa matarumbeta wamesimama nyuma, mashavu yamejaa. Karibu wote ni wavulana. Ile sanaa ya kubana midomo mpaka shaba itoe sauti wameipata kwa kusimama jioni nyingi kando ya kaka zao, saa ambazo dada zao walikuwa jikoni na kisimani. Mapafu ya msichana hayana kasoro.

Na vyombo je? Mpingo wetu ndio mti unaotengenezewa klarineti bora za Ulaya na Marekani. Marehemu Sebastian Chuwa wa Kibosho alitumia miaka mingi kuhamasisha upandaji wake kuizunguka Moshi, kwa mradi aliouanzisha mwaka 1996 pamoja na Mmarekani James Harris. Watoto wa shule waliobeba miche ile kwa mikono yao hawajawahi kuona klarineti. Hapo huwezi kupima nani kazaliwa mpuliza klarineti Kibosho, kwa kuwa hakuna aliyepewa nafasi ya kujua.

Nirudi kwa wasiojaliwa kabisa, maana wapo. Kuna hali ya kuzaliwa ambayo ubongo wa mtu haushiki melodia, na wimbo kwake ni kelele. Makadirio ya zamani yalisema ni watu wanne kwa mia. Isabelle Peretz na Dominique Vuvan, waliowapima watu wengi zaidi, walitoa mwaka 2017 makadirio ya mmoja na nusu kwa mia. Weka hiyo kwenye darasa letu la watoto 80: ni mtoto mmoja. Kwa makadirio ya zamani, watatu. Sasa niambie mchujo wa siku moja huondoa wangapi? Mwalimu anapoimbisha darasa na kubakiza 15, amewaondoa 65. Mmoja kati ya hao huenda kweli hasikii. Waliobaki wameondolewa kwa aibu, kwa mafua, kwa sauti inayovunjika, kwa kuwa nyumbani hakuna anayeimba, kwa kuwa wimbo ulianzishwa juu mno kwa koo zao. Nami najua watu wazima wengi, wenye kazi na heshima zao, ambao ibadani wanafungua midomo bila kutoa sauti kwa sababu kuna siku walipokuwa wadogo mtu aliwaambia wewe nyamaza, unatuharibia.

Kinachoniuma ni kwamba mahali pa kujifunza ustaarabu mwingine tunapo. Ingia mazoezi ya kwaya ya usharika wa kawaida pale Moshi. Mwalimu ameandika nota ubaoni kwa herufi, d r m f s l t, na vituo vya kugawa mapigo. Besi wanaanza peke yao. Kuna baba mmoja, mkulima, kila akifika kwenye l anateleza chini nusu sauti na kuwavuta wenzake wawili. Mwalimu hamtoi. Anamwita, "Baba, sogea katikati ya hawa wawili, msikilize wa kulia." Wanarudia mstari ule mmoja mpaka waimbaji wa tenor na alto wanaanza kuchoka. Wiki kadhaa baadaye baba yule anasimama imara na mgeni anayejiunga anawekwa pembeni yake asikilize. Sauti ya baba haijabadilika. Amejifunza kujisikia akiwa anaimba.

Je, kila mtoto akifundishwa atakuwa Hukwe Zawose? Hapana, na anayesema hivyo anarudi kwenye semina za hamasa. Mafunzo yakiwa mazuri na sawa kwa wote, tofauti za kuzaliwa zitajitokeza zaidi, ushahidi wa Uswidi unasema hivyo na naukubali. Kileleni, ambako wote wamefanya mazoezi ya kutosha, vinasaba pengine ndivyo huamua. Lakini uamuzi ulio mbele ya shule zetu hauko kileleni. Ni nani aingie darasani, na kwa uamuzi huo kipaji cha kuzaliwa hakitusaidii, kwa kuwa hatuna chombo cha kukipima kwa mtoto wa miaka tisa ambaye hajafundishwa.

Kuhusu vifaa na walimu, hoja ni ya kweli na nisiipite. Hakuna shule ya kata itakayonunua fidla 80. Lakini koo 80 za kuimbia zipo, mikono ya kupiga ngoma ipo, chaki na udongo wa mfinyanzi upo. Walimu wanaojua muziki hawatoshi, ingawa Chuo Kikuu cha Makumira pale Usa River wanatoa shahada ya muziki, na Bagamoyo chuo cha sanaa kipo tangu 1981. Wahitimu wao wengi wanaishia kwenye kwaya na bendi, na halmashauri inaweza kuwaomba kipindi kimoja kwa wiki kwa posho ndogo. Mwalimu wa kwaya wa mtaa, yule anayemsogeza baba katikati ya besi wawili, anaweza kuombwa pia.

Mashindano yapo na yataendelea kuwapo, shule itahitaji kikundi cha kupeleka UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Watoto walioanza darasa la tatu Januari 2024 wanafika darasa la sita mwaka 2027. Kikundi kichaguliwe hapo, kutoka kwa watoto waliokwisha kufundishwa wote kwa miaka minne, na kando ya jina la kila aliyeachwa mwalimu aandike ni kitu gani hasa kilimshinda na alifundishwa kitu hicho mara ngapi.